Nyumba ya Bati Mia na Kumi na Mbili

Mimi nashona nguo hapa Arua, na kazi hii imenifundisha kutomwamini mtu anayeniambia "kubwa". Mteja anaingia, anatupa kitambaa mezani, anasema, "Nishonee gauni kubwa." Kubwa wapi, mama? Kifuani? Kiunoni? Au unataka lifagie barabara? Akinuna, anune. Nampima kwanza, tunaongea baadaye.

Lakini kwenye mambo ya nyumba nilikuwa mjinga kama wenzangu wote. Kwetu Koboko hakuna anayeuliza nyumba ni ya futi ngapi. Tunauliza bati ngapi. Sababu yake naijua: matofali mtu huyafyatua mwenyewe kidogo kidogo, huku miaka inakwenda, hakuna anayehesabu. Mabati yanakuja siku moja juu ya lori. Yanashushwa mchana kweupe, majirani wamesimama, kila mtu anahesabu kwa mdomo. Jioni Koboko nzima inajua idadi, na idadi hiyo inaganda kwenye nyumba mpaka mwenyewe anazikwa.

Nyumba ya mama yangu ilikuwa ya bati mia na kumi na mbili. Nyumba ya mama mkubwa, yaani mke wa kwanza wa baba, iko Arua upande wa kwenda Pajulu, na hiyo ilikuwa ya bati sabini. Namba hizo mbili nilizijua kabla sijajua kusoma.

Baba aliwajengea wake zake kwa wakati mmoja, na mpaka uzee wake alikuwa na usemi mmoja: "Nimewajengea sawa." Watu walimwitikia kwa heshima, akipita wanacheka. Sabini na mia na kumi na mbili ni sawa kwa hesabu ya wapi? Walisema mzee amezidiwa na mke mdogo. Mama mkubwa alikuwa na watoto watano, mama yangu alikuwa na mimi peke yangu, halafu mimi na mama ndio tumelala chini ya bati mia na zaidi! Walipokuja kwetu sikukuu, watoto wake hawakunipiga wala kunitukana. Walinitazama tu, na mimi nilijua wanahesabu nini.

Mama mkubwa alitangulia. Baba akamfuata mwaka jana. Baada ya arobaini wazee watatu wa ukoo walitukusanya Koboko, kwenye baraza la mama yangu, kusema habari ya mirathi. Upande wa Arua ulisemewa na kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama mkubwa, anayefanya kazi ya kutoa mizigo ya watu forodhani pale mpakani Oraba. Ni mtu wa sauti ya chini, amevaa kofia yake safi, na anajua karatasi. Watu wa namna hiyo mimi huniudhi hata kabla hawajasema neno.

Wazee walisema hivi. Mashamba hayana ugomvi, yatagawanywa kama sheikh alivyoelekeza. Nyumba ni mbili na mama ni wawili. Kama nyumba zinalingana, kila upande ubaki na yake, maneno yaishe. Kama moja inazidi sana, ziuzwe zote mbili, kila mrithi apewe fungu lake.

Kaka akainamisha kichwa. "Wazee, sabini na mia na kumi na mbili haiko sawa," akasema. "Mtoto mdogo anajua."

Tena mnunuzi alikuwapo tayari. Mfanyabiashara mmoja wa mpakani alikuwa anaitaka nyumba ya Koboko awe anaweka magunia yake kabla ya kuyavusha kwenda Kaya, upande wa Sudan Kusini. Magunia! Ndani ya chumba alichonizalia mama!

Nilipayuka. Sifichi. Nilisema maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka nauma midomo kwa aibu. Nilimwita kaka mla maiti. Mzee mmoja akanikemea, "Binti, hasira hasara." Kaka hakujibu tusi kwa tusi. Aliniambia tu, "Dada, mimi sina ubaya na Mama huyu. Natafuta haki ya mama yangu. Yeye alikufa na uchungu, wewe hujui."

Mama yangu alikuwa amekaa mkekani anasuka kawa, yale mafuniko ya chakula ya rangi rangi ambayo wanawake wetu wa Kinubi husuka. Hakuinua macho, hakusema kitu. Nilidhani ni mshtuko.

Wazee wakatupa mwezi mmoja wa kutafakari, na mwezi huo Mungu asinirudishie tena. Mama amepita miaka sabini na magoti yake yamekataa kazi. Nyumba ikiuzwa atakuja kwangu, na kwangu ni vyumba viwili vya kupanga, mimi, mume wangu, watoto watatu na cherehani mbili. Nilimleta akae siku tatu ajaribu. Tulimtandikia godoro kati ya cherehani na ukuta. Asubuhi nilimkuta amekaa kitako, ameshika magoti, anatazama mlango wa jirani uliokuwa mbele ya pua yake.

"Mwanangu," akaniuliza, "hapa watu wanatemea wapi mate?"

Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya choo nikalia. Nyumba yake haikuwa mali kwake. Ilikuwa mahali pa kuweka miguu.

Siku moja katika mwezi huo akaja mteja, bwana mmoja mwenye kazi ya kuthamini nyumba, ambaye watu wa benki humtuma kabla hawajampa mtu mkopo. Alitaka suruali ipunguzwe kiuno. Mimi nikiwa na uchungu sikai kimya, hata na pini mdomoni. Nikamweleza yote, na wazee, na kaka, na magunia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo nyumba ya Koboko ni kubwa kiasi gani?" akauliza.

"Nimekwambia, bati mia na kumi na mbili."

"Hilo ni paa, mama. Mimi nauliza nyumba."

Nikamtazama. Huyu naye! "Paa si liko juu ya nyumba?"

"Liko. Sasa wewe mtu akija na mwavuli, unampima kiuno au unapima mwavuli?"

Niliitoa ile pini mdomoni. Miaka ishirini napima watu! Sijawahi hata siku moja kupima mwavuli.

Kesho yake nilifunga duka, nikapanda gari la Koboko. Mama alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa jirani, nami sikumngoja. Nikachukua tepu yangu ya kushonea, ile ya inchi sitini, nikapiga magoti, nikapima chumba kimoja kimoja, naweka alama ya chaki sakafuni, nasogea. Vumbi mpaka nyusi. Baba alikuwa amejenga kuta nene kweli, na vyumba vilikuwa vidogo kuliko nilivyoviweka kichwani tangu utoto. Sebule ambayo nilikuwa naiona kama uwanja, tepu yangu iliimaliza kwa mara tatu na kidogo. Nilipofika baraza nikasimama. Baraza la Mama linazunguka nyumba pande zote nne, pana, la kukaa watu hamsini. Paa lote lile lilikuwa limekwenda huko nje.

Jamani, nilivyoruka! Niliteremka Arua jioni ile ile, moja kwa moja mpaka nyumba ya mama mkubwa, nikabisha, nikaingia na tepu yangu bila kueleza mtu. Mke wa kaka akampigia mumewe simu. Nilikuwa nimepima vyumba viwili kaka akafika.

"Unapima nyumba ya mama yangu bila kuomba?"

"Napima ukweli!"

"Kwa tepu ya kushonea suruali?" akasema, bado kwa sauti ile ya chini. "Na wewe mwenyewe ndiye mwenye shauri, wewe mwenyewe ndiye mpimaji. Dada, wazee watakubali hii?"

Aliniudhi kwa sababu alikuwa na haki. Nikakunja tepu. Pale pale mlangoni tukapatana jambo la kwanza tangu baba afe: aje mtu anayejua, apime nyumba zote mbili siku moja, kwa njia moja, wazee watatu wakiona. Nikamtaja yule bwana wa suruali. Kaka akauliza kwanza kama ni rafiki yangu. Nikamwambia hata suruali yake sijamaliza.

Siku yenyewe walianza Arua. Yule bwana alikuja na tepu ndefu ya kuzungusha, akamshikisha mzee mmoja ncha kwenye pembe ya ukuta, akatembea nayo nje ya nyumba. Hakuingia ndani kwanza. Wazee wakauliza mbona anapima nje. Akawaambia kuta ni mali pia, zimekula matofali na nguvu za mtu, kwa hiyo yeye hupima kutoka uso wa nje wa ukuta mpaka uso wa nje wa ukuta, urefu mara upana, na kila nyumba vivyo hivyo. Ndani huingia baadaye kuhesabu vyumba na kutazama nyufa. Urefu ulikuwa futi arobaini na mbili, upana ishirini na nane. Akaandika. Choo cha nje na jiko akaviandika mbali.

Mchana tukafika Koboko. Mama alikuwa ametuwekea maji ya kunywa na ameketi pale pale mkekani, safari hii mikono yake haisuki kitu. Yule bwana akasalimia, akavua viatu, akavuka baraza lote, akaenda kuweka ncha ya tepu kwenye ukuta wa nyumba.

"Hapana!" Kaka akapaza sauti, mara ya kwanza namsikia. "Anzia huku kwenye nguzo! Hapa si kuna paa? Si kuna saruji chini?"

"Lipo paa, ipo saruji," yule bwana akamjibu bila haraka. "Baraza nitaliandika, lina thamani yake, lakini litakaa kwenye mstari wake. Halina ukuta, halina dari, na huwezi kulifunga kwa ufunguo ukaenda safari. Futi ya baraza hailipwi kama futi ya chumba. Hata Arua kama mngekuwa na baraza ningefanya hivi."

Kaka akawatazama wazee. Mzee aliyenikemea mimi siku ile akasema, "Nyumba njema si mlango. Mwache aingie."

Wakavuta tepu. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo kwa mikono miwili. Futi arobaini. Wakazunguka kona. Ishirini na sita.

Yule bwana akapiga hesabu kwenye simu yake, akawaonyesha wazee, halafu akasoma kwa sauti. Nyumba ya Arua futi za mraba elfu moja mia moja sabini na sita. Nyumba ya Koboko futi za mraba elfu moja na arobaini.

Kuku mmoja alipita barazani na hakuna aliyemfukuza.

"Rudia," mzee mmoja akasema.

Akarudia, safari hii kaka mwenyewe ameshika ncha ya tepu. Ikatoka vile vile. Akaongeza kuwa hata futi na futi haziendi bei moja. Ya Arua iko mjini, karibu na barabara, ina maji ya bomba na umeme. Ya Koboko maji ni ya kisima, na kuta zake zina chumvi chini. Ukichukua nyumba ya Koboko na baraza lake lote, ukaweka na bati zake mia na kumi na mbili, bado haiipiti ile ya Arua. Mzee mkubwa akavuta ndevu, akasema hapo hakuna kinachozidi sana, na kama kinazidi ni kidogo na kiko upande wa walioshtaki. Kila mtu abaki na nyumba yake. Imekwisha.

Imekwisha! Nilikaa chini pale nilipokuwa, kwenye saruji, na machozi yananitoka bila ruhusa. Mama hatoki. Hakuna godoro kati ya cherehani na ukuta. Hakuna magunia ya mtu. Nilipumua mpaka mbavu zikauma, nikagundua kuwa mwezi mzima sikuwa nimepumua sawasawa.

Lakini mimi nikipata pumzi hupata na mdomo. Nikainuka. "Haya! Sasa kama ya kwao ndiyo kubwa, wazee, fidia yetu iko wapi? Miaka yote tumetazamwa kama wezi! Nani atatulipa?"

"Nyamaza," Mama akasema.

Hakusema kwa ukali, ila nilinyamaza. Alikuwa ananyanyuka, mkono mmoja kwenye ukuta. Kaka ndiye aliyekuwa karibu, akamshika kiwiko akamsaidia kusimama. Mama hakumwachia mkono.

"Wazee, mimi iko na neno," akasema kwa Kiswahili chake cha Kinubi. "Hii nyumba yangu iko kidogo. Na mimi najua tangu zamani."

Wazee wakamgeukia wote. Mimi nilidhani magoti yamempanda kichwani.

"Baba yenu alipiga msingi na kamba," Mama akamwambia kaka, wala si sisi. "Ya mama yako alikata kamba refu, sababu kule watoto iko wengi. Ya kwangu akapunguza kidogo. Mimi nilinuna. Nikamwambia, basi nipe baraza, pande zote, nisuke kawa asubuhi upande huu, jioni upande ule, jua hapana nifuata. Alikuwa mutu ya kuchoka maneno. Akaweka. Lori ikaleta bati, watu wakahesabu, wakasema, loo, huyu mdogo ndiye anapendwa! Mimi nikasikia. Nikanyamaza."

"Mama," nikasema, "wewe ulijua?"

Alikuwa bado anamtazama kaka. "Mama yako alikuja hapa kila Idi, yeye mkubwa wangu, na sufuria yake kichwani. Mimi ndiye ningeenda kwake. Lakini alikuja, anasema, sherehe iwe kwa nyumba kubwa. Alisema na mdomo, macho yake inalia. Neno moja tu ningemwambia, dada, pima. Sikusema. Ilikuwa tamu kwa masikio yangu. Mpaka tukamzika, sikusema."

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Nilijua sasa kwa nini hakufungua mdomo mwezi mzima: ili abaki ndani ya nyumba ile ilimbidi aseme mbele za watu kwamba ni ndogo, na akisema hivyo amesema na yale mengine yote. Angeweza kuiacha tepu iseme peke yake. Nyumba alikuwa ameshaipata. Hakuna aliyemuuliza.

Nilimtazama kaka nikingoja alipuke. Ningekuwa mimi ningelipuka, wallahi, wangenisikia Oraba.

Kaka alivua kofia yake. Akaikunja, akaikunjua. "Alikufa akisema Baba alimpunja," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nimemshika mkono. Alisema, mwanangu, nilikosa nini kwa baba yako?"

"Hapana kosa," Mama akasema. "Baba yako hakumpunja. Alimpa kubwa. Mimi ndiye nilimpunja."

Kaka akakaa chini kwenye ukingo wa baraza, mgongo kwetu. Mabega yakamtikisika. Nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alipogeuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani baada ya safari ndefu. "Basi hakumpunja," akasema. "Baba hakumpunja." Akatoa simu mfukoni, akawapigia dada zake waliokuwa wamekaa Arua wakingoja habari. Hakuwaambia nani amebaki na nyumba ipi. Hakutaja mnunuzi. "Sikilizeni," akapaza sauti kana kwamba simu haitoshi, "Baba hakumpunja Mama! Imepimwa, wazee wameona. Ya Mama ndiyo kubwa! Nasema ya Mama ndiyo kubwa!"

Simu ikapasuka kwa vigelegele. Dada zangu wanne wote kwa pamoja, sauti mpaka ukutani, hawaachi, mmoja akiishiwa pumzi mwingine anapokea.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba yake, anasikiliza watu wanavyoshangilia udogo wake. Mimi, hasira ikiwa imeanza kunipanda tena, nikamnyooshea kaka mkono azime ile simu.

"Waache," Mama akasema. "Wamengoja sana."